Tuzitengeneze Nyumba Zetu, au Tuhame?



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nipate kusema neno ambalo limenikaa moyoni muda mrefu. Najua ya kuwa halitawapendeza wote, maana lagusa nyumba zetu, na mtu akiguswa nyumba yake ameguswa mwenyewe. Walakini mwalimu anyamazaye aonapo kosa ubaoni si mwalimu. Basi na mimi sitanyamaza nionapo kosa hili kijijini.

Jambo lenyewe ni hili. Kila mwaka, korosho zikisha kuuzwa na fedha zikafika mikononi, huanza shauri moja katika nyumba zetu: Je, tuitengeneze nyumba hii tuliyo nayo, au tuiache tukajenge nyingine penginepo? Shauri hili ni jema, wala hapana aibu kuliuliza. Aibu ni namna tunavyolijibu. Maana wengi wetu hatulijibu kwa kuitazama nyumba, wala kwa kupatazama mahali, wala kwa kuzihesabu fedha. Twalijibu kwa kumtazama jirani. Fulani amejenga kando ya barabara ya lami. Basi na mimi sina budi kujenga kando ya barabara ya lami. Fulani ameezeka bati la rangi. Basi nyumba ya baba yangu imekuwa aibu tangu leo, ingawa jana nalilala humo salama.

Na matunda ya majibu hayo twayaona. Mtu akitoka Masasi akaifuata barabara, ataona kuta za matofali zilizosimama bila paa, majani yameota chumbani, na mbuzi wamelala mahali palipokusudiwa kuwa sebule. Hayo ndiyo mapagala. Watu husema “pagala la fulani” kama wasemavyo “shamba la fulani”, kana kwamba pagala nalo ni mali. Lakini mfuateni mwenye pagala mpaka mahali anapolala usiku. Mtamkuta katika nyumba ya zamani, paa lake lavuja, ukuta wake umeinama, kwa kuwa kila shilingi ambayo ingeutengeneza ilikwenda kununua saruji ya pagala. Mtu huyo ana nyumba mbili, wala hana nyumba.

Nayasema haya bila kumcheka mtu, maana mimi mwenyewe nalikuwa mtu huyo. Mwaka 2014 nalinunua kiwanja kando ya barabara, nikaanza kujenga kwa matofali. Mama yangu alikuwa akikaa katika nyumba aliyoijenga marehemu baba, nyumba ya miti na fito iliyokandikwa udongo, yenye paa la bati. Nyuma ya kitanda chake palikuwa na ufa. Akaniambia, “Mwanangu, ukuta huu hunisemesha kila mvua inyeshapo.” Nikamjibu, “Vumilia, mama, mwakani utahamia nyumba ya matofali.” Neno hilo la “mwakani” nalimwambia miaka mitano. Kuta zangu zikafika kwenye lenta, zikasimama hapo, na saruji iliyosalia ikagandia mifukoni mwake.

Mwaka 2019, usiku mmoja wa mvua nyingi, ukuta ukaanguka. Mama alikuwa amehamisha malazi yake chumba cha pili siku mbili kabla, si kwa sababu ya ufa, bali kwa sababu bati lilikuwa likivuja juu ya mto wake. Kwa hiyo ukuta ulianguka juu ya kitanda kisichokuwa na mtu. Mimi nalifika alfajiri. Nalimkuta ameketi mlangoni, amejifunga kanga mbili, wala hakunilaumu hata kidogo. Alisema tu, “Karibu, mwanangu, umekuja mapema.” Laiti angalinilaumu!

Asubuhi nalimwita fundi, mzee aliyezoea kazi hizi. Akazunguka nyumba yote, akachimba kidogo kwa jembe chini ya ukuta, akachukua kipande cha mti kilichooza akakivunja kwa vidole kama muhogo mkavu. Akasema, “Mwalimu, kama ungaliniita miaka mitano iliyopita, ningalitaka mawe ya trekta moja na kazi ya siku nne tu.” Kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau: “Kilichokuwa kikiugua ni nini, ukuta au mahali?”

Ndugu zangu, swali hilo ndilo asili ya maneno yangu yote leo. Nyumba ikiwa mbovu, yafaa kwanza tujue ugonjwa uko wapi. Ukuta ukiugua hutibiwa. Mahali pakiugua huhamwa. Lakini sisi twafanya kinyume: twakimbia kuta ambazo dawa yake ni ya siku nne, na twang'ang'ania mahali ambapo hapana dawa kabisa. Hilo ndilo kosa ninaloshindana nalo.

Wala hekima hii si mpya. Katika Kitabu cha Mambo ya Walawi, mlango wa 14, imo sheria ya nyumba iliyoingiwa na pigo katika kuta zake. Kuhani hafiki akaamuru mara moja ibomolewe. Kwanza vyombo hutolewa nje; kisha yeye huingia akaitazama; akiona alama ukutani huifunga siku saba, ndipo arudi kuitazama tena. Ikiwa pigo limeenea, hutolewa yale mawe mabaya tu, kuta zikakwanguliwa ndani, yakatiwa mawe mengine na udongo mwingine. Pigo likirudi baada ya kazi hiyo yote, ndipo nyumba hubomolewa. Tazameni utaratibu ulivyo: kutazama, kungoja, kutengeneza, kutazama tena, na mwisho kabisa kubomoa. Sisi twaanza kwa lile la mwisho, na kutazama hatutazami kamwe.

Na wazee wa Masasi yetu nao walitufundisha jambo hili kwa matendo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaleta hapa watu waliokombolewa katika utumwa, wakajenga karibu na vilima hivi vya mawe. Mwaka 1882 Wamagwangwara wakashambulia, wakaua watu, wakateka wengine, wakachoma nyumba. Baada ya hayo misheni ikahamia Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Je, walikosa kuhama? Hasha. Nyumba zao hazikuwa na kosa. Hatari ilikuwa mahali. Lakini Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na mchanga wa uwanda ule hunywa mvua yote isibaki kitu, hata wanawake hawakuwa na budi kuteremka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Baadaye kazi ya Masasi ikafufuliwa. Kisha mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikafika, na misheni ikachomwa moto tena. Safari hii hawakupaacha Masasi. Vita vilipokwisha walijenga upya papo hapo, kwa kuwa mahali palikuwa pazima, na kilichoungua ni nyumba tu.

Mara ya kwanza walihama; mara ya pili walijenga upya. Watu wasiofikiri watasema walikuwa vigeugeu. La, walikuwa na kipimo kimoja, nacho ndicho kile cha fundi wangu.

Sasa najua wako watakaonipinga. Nimewasikia barazani, nimewasikia njiani tutokapo kanisani, nami nataka kuwajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza husema: “Mwalimu, nyumba ya udongo ni aibu. Udongo haufai kutengenezwa; dawa yake ni kuuacha.” Ndugu yangu, nani aliyekuambia ya kuwa udongo huanguka kwa sababu ni udongo? Mvua haiangushi ukuta kutoka juu. Huula kutoka chini. Maji yadondokayo kutoka ukingo wa paa hupiga ardhi, yakaruka, yakalamba mguu wa ukuta kila siku ya mvua, hata mguu ukawa mwembamba kama shina lililotafunwa na panya. Dawa yake ni kuutia mguu huo mawe hata kimo cha goti, na Masasi hatuna njaa ya mawe. Kisha paa liongezwe lipite ukuta kwa futi mbili au zaidi, na uchimbwe mtaro wa kuyapeleka maji mbali. Mchwa nao hawaingii kwa uchawi. Hujenga vijia vyao vya udongo juu ya nguzo, na mwenye nyumba huvipita kila siku akienda kuoga. Avunjaye vijia hivyo kila juma, akabadili nguzo iliyoliwa kabla haijavunjika, huyo ameiongezea nyumba yake miaka.

Tena wako wanaoitengeneza nyumba ya udongo kwa fahari badala ya akili. Huupiga ukuta wa udongo lipu ya saruji, ung'ae kama wa matofali. Mwaka wa kwanza wageni husifu. Lakini udongo hutanuka ukilowa na kunywea ukikauka, na saruji haiwezi kuufuata. Basi hupasuka, maji huingia katika nyufa, yakakosa pa kutokea, na ukuta huoza ndani huku nje ukiwa mweupe. Yafaa udongo utengenezwe kwa udongo, au kwa udongo uliochanganywa na chokaa. Asiyeijua dawa asimsingizie mgonjwa.

Na kama bado mwadhani ubovu ni wa udongo tu, tuuache udongo tuyatazame mawe. Pale Unguja, Seyyid Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, nyumba kubwa kuliko zote za mji ule, yenye nguzo za chuma na ghorofa ndefu. Mwaka 1896 mizinga ya manowari za Waingereza ilipiga majumba ya ufalme yaliyo jirani yake, nayo ikabaki imesimama. Lakini kisichoangushwa na mizinga kiliangushwa na miaka ya kutotunzwa. Mwaka 2012 sehemu yake ikaanguka. Na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kuitengeneza ikiwa imekwisha kuanza, upande wake mkubwa ulianguka na kuua watu wawili. Ikiwa jumba la sultani huanguka lisipotunzwa, nyumba yako ya matofali kando ya barabara itasimama kwa nini? Mtu asiyeziba ufa katika udongo hataziba ufa katika saruji. Atahama na uvivu wake ndani ya masanduku.

Wa pili husema: “Mimi sihami kwa fahari, nahama kwa ajili ya maendeleo. Barabarani kuna gari, kuna duka, kuna umeme.” Neno hili lina kweli ndani yake, nami silikatai lote. Lakini nataka tuwakumbuke wazee wetu. Tarehe 6 Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kukaa katika vijiji ni amri, na ya kuwa mpaka mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wamekwisha kuhamia humo. Mwaka 1977 ilihesabiwa ya kuwa watu zaidi ya milioni 13 walikuwa wakikaa katika vijiji zaidi ya 7,000. Kusudi lilikuwa jema, nalo lilileta shule na zahanati karibu na watu wengi. Walakini nyumba ilihamishwa, na mikorosho haikuweza kuhama. Mti ulibaki kule, mwenyewe akawa huku. Nyasi zikapanda mpaka matawini, na moto wa kiangazi ukafanya kazi yake. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Katika msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Sisemi ya kuwa kuhama peke yake kulileta msiba huo, kwani bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga ulishambulia maua ya mikorosho. Lakini ni mzee gani wa kusini asiyejua ya kuwa mti ulio mbali na mwenyewe ni mti wa yatima?

Wazee wetu walilalamika kwa sababu walihamishwa kwa amri, wakaiacha miti yao. Na sisi je? Leo hapana mgambo mlangoni, hapana lori lingojalo, wala hapana amri. Twajihamisha wenyewe, twaiacha miti ile ile, kisha twasema ni maendeleo. Jambo lililokuwa kilio kwa baba limekuwaje fahari kwa mwana?

Na hiyo barabara mnayoikimbilia, je, mmeuliza mipaka yake? Kwa sheria iliyopo, ambayo ni Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu ni meta 60, yaani meta 30 kila upande kutoka katikati. Mwaka 2017, huko Kimara katika Dar es Salaam, nyumba nyingi zilibomolewa ili barabara ya Morogoro ipanuliwe. Na wengi katika wenyewe walikuwa wamelala humo miaka mingi wakidhani wako salama. Mtu akiiacha nyumba ya baba yake, ambayo jirani wote waijua mipaka yake, akaenda kujenga mahali patakapopigwa alama nyekundu ya X, huyo amekimbia ufa akaufuata mtaimbo.

Wa tatu husema: “Kutengeneza nyumba kuukuu hakuna mwisho. Leo paa, kesho mlango, kesho kutwa sakafu. Heri nijenge mpya mara moja, nipumzike.” Huyu namwonea huruma, maana ndiyo maneno niliyoyasema mimi. Lakini niambie, ni nani kijijini kwetu aliyejenga nyumba mpya “mara moja”? Twajenga msingi mwaka huu, kuta mwaka kesho, lenta mwaka wa tatu. Kisha mtoto aenda sekondari, au mgonjwa apelekwa Ndanda, na nyumba hungoja. Wakati wote huo mvua hailingoji pagala likamilike, hulinyeshea. Matofali mabaya humomonyoka, nondo hupata kutu, na alipie fedha mara ya pili kwa kazi aliyokwisha kuilipia. Bwana wetu alisema habari za mtu atakaye kujenga mnara, ya kuwa huketi kwanza akahesabu gharama, asije akachekwa. Sisi twahesabu matofali tu. Hatuhesabu ya kuwa nyumba mpya yahitaji kisima kipya, choo kipya, jiko jipya, na mikorosho mipya itakayongoja miaka mitatu kabla ya kuzaa kitu, na mingine mingi kabla ya kuzaa vyema. Hatuhesabu jirani aliyekuwa akimtazama mama tukiwa kazini; jirani hauzwi dukani.

Nimekwisha kuwajibu hao, na sasa wasidhani wale wanaokaa mahali pabaya ya kuwa nimewapa haki. Hata! Kwenu ninyi nina neno kali zaidi. Wako watu ambao mto huwaingilia ndani, nao kila mwaka hukausha magodoro juani, wakatengeneza sakafu, wakasema, “Hapa ndipo alipozikwa babu.” Bonde la Msimbazi katika Dar es Salaam ni shahidi. Katika mafuriko ya Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa mjini mle. Serikali ikawapa waliopatwa na msiba viwanja Mabwepande, lakini wako waliorudi bondeni, kwa kuwa bondeni palikuwa karibu na kazi zao. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yaliteremka kutoka mlima Hanang, yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, yakaua makumi ya watu. Tope la namna ile halichagui nyumba ya udongo au ya matofali. Mahali ambapo maji yamekwisha kupaonyesha njia yao, hapana lipu, hapana msingi, hapana fundi. Kutengeneza nyumba mahali hapo ni kumpaka marehemu mafuta. Babu aliyezikwa hapo angalikuwa hai, angalikuwa wa kwanza kukunja mkeka wake.

Basi mtaniuliza, “Mwalimu, tujueje?” Nitawaambia niliyojifunza, tena kwa gharama kubwa.

Itazameni nyumba yenu wakati wa mvua, si wakati wa kiangazi. Siku ya mvua kubwa, vaeni makoti mzunguke nje, mwone maji yatoka wapi na yaenda wapi. Maji yakitoka juu ya paa lenu, ugonjwa ni wa nyumba; yakitoka mlimani au mtoni, ugonjwa ni wa mahali. Nusu saa ya kulowa itawafundisha kuliko baraza la mwezi mzima.

Kisha mwiteni fundi kabla hamjanunua hata tofali moja, mwulize bei ya kuitengeneza iliyopo. Andikeni bei hiyo katika karatasi. Karatasi nyingine andikeni bei ya nyumba mpya mpaka siku ya kulala humo, pamoja na kisima, choo, jiko na miti. Zilazeni karatasi hizo mbili mezani, zikae kama mtihani, kila mmoja wa nyumbani azisome.

Nasema kila mmoja wa nyumbani. Maana limo kosa jingine katika mambo haya, nalo ni la sisi wanaume. Twaamua mahali pa kuhamia bila kumwuliza yeye atakayeteka maji huko. Mwanamume hupima kiwanja kwa hatua za kuvuka mbele. Mwanamke hukipima kwa ndoo. Mwulize mkeo, na mama yako, na binti yako: Kisima ki mbali gani? Kuni zapatikana wapi? Usiku mtoto akiugua, nitampigia nani hodi? Wasipokuwa na jibu, huna kiwanja. Una shimo la kutupia fedha.

Na ikiwa baada ya hayo yote mwaona kuhama ni lazima, hameni, tena hameni upesi na kwa moyo mmoja. Lakini kwanza nendeni kwa serikali ya kijiji mkapate haki yenu kwa maandishi, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyotupa njia ya hati ya hakimiliki ya kimila. Na mtakapojenga, jengeni chumba kimoja na paa lake mkahamie, kuliko vyumba sita bila paa. Chumba kimoja chenye paa ni nyumba. Vyumba sita bila paa ni ua wa mbuzi.

Mimi nilifanya nini? Yule fundi alijenga tena ukuta wa mama yangu juu ya msingi wa mawe, akaongeza paa, tukachimba mtaro hadi kwenye migomba. Mabati niliyokuwa nimeyanunua kwa ajili ya pagala yaliezeka nyumba ya baba. Kiwanja kile cha barabarani nalimwuzia mtu mwingine kwa hasara, na watu walinicheka. Waliniita “mwalimu aliyerudi nyuma”. Naam, nalirudi nyuma; nalirudi mahali nilipoacha ufa miaka mitano. Mvua ya jana usiku ilikuwa kubwa, na asubuhi nalimwuliza mama, “Ukuta umekuambia nini?” Akajibu, “Leo umelala, na mimi nimelala.”

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeongeza upumbavu ambao wahenga hawakuuwaza: hatuzibi ufa, wala hatujengi ukuta, bali twaenda kuanza ufa mwingine penginepo. Ndugu zangu, msimu wa korosho u karibu. Kabla hamjaenda dukani kuuliza bei ya saruji, nendeni nyuma ya kitanda cha mama zenu mkautazame ukuta.

Wasalaam.

Ni mimi mwalimu mwenzenu,
Masasi